Kasiani Abomoa Paa Lake

Kasiani alitoka Masasi akiwa kijana, na kwa miaka ishirini na sita ameezeka nyumba za Dar, kuanzia Yombo anakoishi hadi Mbweni. Zamani alifanya kazi juu ya paa mpaka adhuhuri. Siku hizi ikifika saa nne bati halishikiki. Februari iliyopita kizunguzungu kilimpata huko juu, akakumbatia mbao ya kenchi mpaka wenzake wakamteremsha.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Herieth, mke wa mwanawe Fredrick, alikuwa na mtoto mchanga, Demetria. Mchana mtoto hakuweza kukaa ndani. Harara ilimjaa shingoni na mgongoni, akawa analia mpaka sauti inakauka. Herieth alishinda naye nje, akihama na kivuli cha ukuta wa jirani.

"Baba," Herieth alimuuliza Kasiani siku moja, "hivi huyu akifika umri wangu, joto litakuwaje?"

Kasiani alitazama juu, kwenye bati. Redioni alishasikia kwamba dunia inazidi kupata joto, akadhani ni habari za wataalamu. Sasa aliziwaza nyumba zote alizoezeka: paa la chini, hakuna dari, hakuna pa kutokea hewa. Wateja walitaka hivyo, naye hakuwahi kuwaambia neno. Hata hili lililomuunguza mjukuu alilipigilia yeye.

Jumamosi akaanza kubomoa. Mkewe, Editha, alitoka akashika kiuno.

"Umechanganyikiwa? Masika hii hapa!"

"Siku nne tu, Mama Fredrick. Niamini."

Aliinua kuta kozi tatu, yaani mistari mitatu ya matofali, ya juu kabisa akaijenga kwa matofali ya matundu, kisha akarudisha bati likiwa limepakwa rangi nyeupe. Majirani walipita wakicheka, "Fundi, unafungua zahanati?" Mvua ya kwanza iliingia kupitia matundu ikalowesha godoro. Editha akalitoa nje kulianika, naye Kasiani akapanda tena juu. Akarefusha paa upande wa upepo.

Wiki hiyohiyo Demetria alilala ndani kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Herieth aliingia mara tatu kumchungulia kama anapumua.

Joto bado lipo, na Kasiani bado linamtia hofu. Ila sasa hapigi msumari kabla hajazungumza na mteja kuhusu joto. Wapo wanaokataa. Mama mmoja wa Kawe, Bi Chausiku, alimwambia, "Mie nataka nyumba, sitaki pango la popo."

"Njoo kwangu mchana, ukae kidogo tu."

Akaja Ijumaa, saa saba, jua likiwa kali. Herieth akamletea chai ya moto. Bi Chausiku akainywa taratibu, akamaliza kikombe bila kujipepea, akatazama juu.

"Haya, niinulie kozi tatu. Na hao popo?"

"Tunaweka wavu, Bi Chausiku."