Mahari ya Malkia wa Fordsburg

Bakiri alipenda kumtambulisha mkewe kwa watu kwa maneno mawili: "Malkia wangu." Majirani wa Fordsburg walicheka kwa adabu, maana malkia mwenyewe alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi akipinda mapazia ya wateja, huku mfalme akizurura maduka ya watu na kanzu iliyopigwa pasi na malkia huyo huyo. Shufaa aliletwa Johannesburg kutoka Tanga akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mume aliyemjua kwa picha tu. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, kabla kitambi hakijaota.

Jumamosi moja binti yao Bushra, aliyezaliwa huku na ambaye Kiswahili anakisikia kuliko kukisema, alikuwa na kazi ya shule: maisha ya malkia mmoja wa Denmark wa miaka mia nane iliyopita. Akamsomea mama yake, akitafsiri kwa kujikongoja. Malkia alipandishwa merikebu angali msichana, akaozwa mfalme asiyemjua ili nchi mbili ziache kupigana. Akazaa. Mfalme akajitafutia mwanamke mwingine. Waandishi wa zama zile waliandika vita vyote vya mfalme, hadi farasi wake akasifiwa, lakini mkewe walimtaja alipofika, alipozaa na alipokufa.

"Na chake yeye kilikuwa nini?" Shufaa aliuliza bila kuondoa mguu kwenye pedali.

Bushra akapekua. "Asubuhi baada ya harusi, mfalme anampa zawadi. Mashamba. Hiyo yake, Mama, mfalme hawezi kuichukua. Eish, lakini watu walijaribu."

"Kumbe hata huko kwenye barafu walijua mahari," alisema Shufaa. "Humu ndani ndio hawajui."

Alisema kwa hasira, na alikuwa na sababu. Wiki ile Bakiri alitangaza kwamba anaoa mke wa pili, Tabia, binti wa Mzee Ahmad muuza viungo. Hilo Shufaa alilimeza, japo lilimchoma. Kilichomkwama kooni ni kwamba Tabia alitaka mahari ya cherehani, na Bakiri akaahidi kumpa hii hii. Ni mimi niliyeinunua, alidai. Aliinunua kweli, siku ya nikaha ya Shufaa, na tangu hapo ndiyo inayolipa kodi ya chumba na kulisha kitambi.

"Sharp, usijali, malkia wangu," alimbembeleza. "Wewe nitakutafutia nyingine."

Jumapili baada ya alasiri Mzee Ahmad akaja kuikagua. Bakiri aliipigapiga mashine mgongoni kama dalali wa ng'ombe, akasifu mota, akasifu sindano. Shufaa akaleta chai na kaimati, na kando ya sahani akaweka cheti chake cha ndoa. Mzee akavaa miwani, akasoma: mahari, cherehani moja, imepokewa na mke.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, Mzee Ahmad. Karibu kaimati, zingali moto."

Bakiri akajichekesha, akasema hayo ni mambo madogo ya nyumbani. Mzee akakikunja cheti taratibu.

"Ukimwoa binti yangu kwa mahari ya huyu," alisema, "ukitaka wa tatu utakuja kuichukua kwa binti yangu. Tafuta pengine, Bakiri."

Akamaliza chai, akamshukuru Shufaa na kuaga.

Bakiri alibaki amesimama katikati ya chumba, jasho likimtoka. "Umeniaibisha. Mwanamke kama wewe dawa yake talaka."

Shufaa alifurahi kuliko siku yoyote tangu ashuke basi Park Station alipoletwa Johannesburg. Akatunga uzi kwenye sindano.

"Niache ukitaka, Baba Bushra. Mimi nitabaki na cherehani. Wewe utabaki na nini?"

Bakiri akaangaza macho chumba kizima akitafuta kitu cha kutaja. Adhana ya magharibi ilimkuta bado anatafuta.