Shanga Elfu na Moja

Shule niliiacha mapema, lakini siku ya harusi yangu hesabu ilinitii mimi, haikuwatii wakubwa. Wajukuu wangu nawaambia hivyo bila haya.

Ilikuwa hapa Kindu, wakati wa Wabelgiji. Bwana harusi alikuwa mfanyakazi wa reli, na treni ya kumrudisha kazini, Kibombo, ilitoka saa kumi alasiri. Ikituacha, ni kungoja wiki nzima, na wali wa harusi ulishaliwa wote. Lakini kwetu bibi harusi hakutoka ndani kabla shangazi hajamfunga shanga za kiuno, zote alizoletewa, kwenye nyuzi zilizo sawa. Hata moja isibaki, maana inayobaki humwita mwenyewe arudi kwao.

Shangazi alitunga nyuzi kumi, shanga mia mia. Ikabaki moja. Tena mbaya zaidi: uzi wa kwanza haukukutana kiunoni kwangu.

"We mutoto, unakula nini?"

"Wali wako, shangazi."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dada yangu akasema ile moja tuitupe mtoni. Shangazi akamkata jicho. "Shanga ya harusi haitupwi. Tufanye nyuzi tano, ndefu."

"Acha," nikasema. "Ukiunga hizi kumi mbili mbili, utapata tano, na ile moja iko pale pale. Nyuzi mbili pia. Na kama mbili imekataa, nne, sita na nane zitakubali wapi?"

"Nani alikufundisha?"

"Kugawia ndugu zangu nyama."

Filimbi ya stesheni ikalia. Nje, mjomba wa bwana harusi akapiga kelele: "Munatutolea bibi, ao munamufuga?"

Tukafungua nyuzi zote, tukamwaga shanga kwenye ungo. Tukagawa mafungu matatu: zikabaki mbili. Nne, tano na sita zilishakataa. "Saba," nikasema. Tukapanga sahani saba kwenye mukeka, wanawake watatu wakigawa, moja hapa, moja pale, mikono inaenda kama inaokota mchwa. Ungo ukaisha. Shangazi akaugeuza, akaukung'uta, akachungulia hata chini ya mukeka. Hakuna kitu! Kila sahani mia moja arobaini na tatu. Vigelegele vikapaa. Nyuzi saba zikanizunguka, zikabakiza kidogo cha kufunga fundo.

Treni tuliikimbilia, mimi nalia chwa chwa chwa kiunoni kama ngoma ndogo, na bwana harusi akanivuta ndani inapoanza kutembea.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayefundisha hesabu, alikaa na kalamu, akaniambia mimi bibi yake: "Koko, elfu na moja inakubali pia kumi na moja, na kumi na tatu. Hukuyaona?"

"Kumi na moja, kila uzi unapata ngapi?"

"Tisini na moja."

"Na mia ilishindwa kunizunguka! Mwanangu, kile kiuno njo kilichagua saba."