Dini ya Baba Mdogo

Mwaka niliohitimu shahada ya masomo ya dini, baba mdogo alifariki alfajiri nyumbani kwake Majengo, Pumwani, na hadi adhuhuri hakuna aliyekubali kumwosha.

Alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani. Ijumaa alienda msikitini na majirani. Krismasi alikuja kwetu Ziwani na kuimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote. Na kabla ya kupasua gogo la muhugu alilimwagia maji kidogo, akamweleza marehemu baba yake anachotaka kuchonga.

Barazani wazee wa pande mbili walikuwa wakinywa chai ya mama mdogo, mjane wake. "Kama ni wetu tutamwosha sasa hivi," alisema mzee wa msikiti. "Kama si wetu, hatumgusi."

"Kama alisilimu, sisi hatuna neno naye," alijibu mzee wa kanisa. Kisha akaniona. "Huyu hapa msomi! Mwanangu, baba yako mdogo alikuwa dini gani?"

Wapo wataalamu wanaosema dini ni kile mtu anachoamini moyoni. Sikuujua moyo wake. Wapo wanaosema ni yale anayotenda na wenzake; basi alikuwa na dini mbili. Wengine hudai kitabu na nyumba ya ibada. Kwao lile gogo ni mila tu, ingawa pale ndipo nilipomwona akiinamisha kichwa kwa heshima.

"Inategemea tunaanzia wapi," nikasema.

Binamu yangu alicheka kwa dharau. "Miaka yote chuo ndio utuletee inategemea? Huyu buda wetu anaoza humo ndani na hili joto, wee!"

Nzi walikuwa wakiingia chumbani. Kinyaa kilinishika, wala si cha maiti. Kilikuwa cha ile midomo iliyotafuna mandazi ya marehemu huku ikingoja kuambiwa kama anastahili maji.

Mama mdogo alitoka na karai. "Mwanangu, achana na hao. Njoo unimiminie."

Tukamwosha sisi wawili. Tulipomaliza, mzee wa msikiti alichungulia mlangoni, yule wa kanisa begani pake.

"Mmeanza upande gani? Kulia, kama kwetu?" aliuliza wa msikiti.

"Miguuni," alijibu mama mdogo. "Ilikuwa na vumbi la mbao."

Jibu hilo halikumpa yeyote ushindi wala sababu ya kususa, kwa hiyo jioni walikuja wote makaburini. Kila upande uliomba dua yake, mwingine ukitazama pembeni bila kuitikia. Mama mdogo aliitikia amina zote mbili. Mimi nilishika sepetu nikafukia huku nimewapa mgongo wazee wote.