Rangi Alizokosea Mama Ndizo Nilizouza

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba. Jina langu lifiche, ila kazi yangu iache ilivyo, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Nina miaka thelathini na sita, nina watoto wawili, naishi Misugusugu, Kibaha. Natengeneza mapambo ya nyumba kwa mikeka ya ukindu: vivuli vya taa, viti, na vipande vikubwa vya kutundika ukutani. Aliyekuwa ananisukia ni mama yangu mzazi, wa Marui, Kisarawe.

Mama alikuwa fundi wa mikeka ya harusi. Bibi alimrithisha mpangilio mmoja wa rangi usiobadilika, na kule kwetu mtu akiuona mkeka anajua umetoka kwa nani. Miaka miwili iliyopita nikaanza kuona rangi zinavurugika, zambarau inaingia pasipo pake, kijani inakatikia njiani. Msuko wenyewe haukuwa na kasoro, vidole vyake vinajua kazi. Macho ndiyo yalikuwa yanazima, na mimi niliona. Hapo sina utetezi.

Nilipeleka kipande kimoja kwa mama mmoja anayejenga hoteli, huku nikiona aibu, nikijua atakirudisha. Akakitazama muda mrefu, akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Vya sokoni kila mtu anavyo. Huyu msukaji ana uthubutu." Akaagiza vya ukumbi mzima. Nami ninayejiita mbunifu nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba huo uthubutu mimi na mama tuliukalia kikao.

Jirani yake mama, Bi Zuhura, naye aligundua. Akawa anakuja asubuhi kumtengea ukindu uliokwishatiwa rangi, kila rangi na fungu lake. Mkeka uliofuata ukatoka sawasawa, mzuri kama wa zamani. Mwenye hoteli akaukataa. Nikasafiri hadi Marui, nikamwita Bi Zuhura pembeni, nikamwambia, "Bi Zuhura, nakushukuru, ila naomba umwache mama asuke mwenyewe. Wateja wanataka mkono wake tu."

Akaniangalia. "Mwanangu, mama yako haoni."

Nikamjibu najua, nalishughulikia. Sikuwa nashughulikia chochote.

Mama mwenyewe aliniuliza mara tatu kama aende akapimwe macho. Mara ya mwisho madaktari wa macho walikuwa wamekuja zahanati. "Niende, au nimalize kwanza mzigo wako?" Nikamwambia, "Malizia, mama, nitakupeleka mwenyewe hospitali kubwa wakuangalie vizuri." Akamalizia, maana yeye huamini kila ninachosema, ndiye aliyewatangazia watu wa Marui kwamba binti yake kasoma.

Nilikuja kumpeleka miezi saba baadaye, alipojikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga tu. Kilichopotea hakirudi, na kama angeanza dawa mapema huenda angekuwa anaona hadi leo. Akanigeukia mimi, "Mbona mmechelewa hivi?" Kabla sijafungua mdomo mama akawahi. "Huyu kanibembeleza sana, daktari. Mimi ndiye mbishi, naogopa hospitali." Sijui alinisitiri au alisahau kweli, na kumuuliza naogopa. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja na mizigo yake yote.

Nimemleta kwangu sasa. Hoteli inafunguliwa mwezi ujao. Mwenye hoteli anataka mama akae mbele, atambulishwe kwa kipaza sauti kama msanii aliyethubutu kuvunja mpangilio wa kale. Mama hajui. Yeye anaamini ukutani kumetundikwa mpangilio wa bibi, na ameshaita dada zake wawili kutoka Marui, "waje waone kazi ya mama yetu ilipofika." Dada zake wanaona vizuri na mpangilio wanaujua.

Nimefikiria kumwomba mwenye hoteli anyamaze, lakini nitamwambia nini, kwamba alichonunua ni ugonjwa? Nimefikiria kumzuia mama asiende, naye ameshafua baibui lake na kila siku ananiuliza tarehe. Nikisema niseme ukweli, sijui nianzie kwenye rangi au kwenye macho, maana likitoka moja la pili linafuata. Nimechoka, ndugu zangu, na aliyejichosha ni mimi.

Jana tulikuwa tumekaa kibarazani, akaniambia, "Hebu nitajie ule mkeka mkubwa kuliko yote. Unaanza na rangi gani?"

Ule unaanza na zambarau. Nikasema, "Nyekundu mbili, mama."

"Halafu?"

"Kijani."

"Halafu nyeupe," akamalizia mwenyewe, akacheka kidogo. Akasema alikuwa na wasiwasi, alidhani huku mwishoni alikuwa anachanganya, na hakutaka kuniharibia jina.

Matusi nastahili, yatoeni, nitayasoma yote. Ila katikati ya hayo matusi mniachie na neno la kufanya. Nimwambie mimi, au nimwache akayasikie kwenye kipaza sauti mbele ya dada zake? Nishaurini, mimi nimeshindwa.