Mapeasi Madogo ya Mama

Juzi mjukuu wangu alikuwa akipunguza matunda kwenye mpeasi nyuma ya nyumba, na harufu mbichi ya vidole vyake ikanirudisha kwa Mama.

Mchana mmoja wa utoto wangu Mama, mimba ikimlemea, alichuma mapeasi madogo ya duara na kuyaacha yaanguke, to, to, juu ya majani makavu ya migomba.

"Mama, unayatupa juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Muti hauwezi kulisha yote. Naacha ile kubwa tu."

Alijibu bila kuniangalia, kwa sauti iliyochoka. Shangazi alikuwa amefika kutoka Kashebere kuchukua mmoja wetu sisi watoto, akakae naye. Nikaelewa kwamba wadogo ndio wanaotolewa. Nikakimbilia mtoni, nikarudi na mtungi mkubwa wa maji kichwani, shingo ikitetemeka, ili Mama aone nilivyo mkubwa.

Aliyeona ni Shangazi.

"Huyu njo nataka," akasema, akinichagua. "Iko na nguvu."

Leo najua alikuwa akitafuta mikono ya kulima. Mama aliketi chini ya mti. Nami nikaondoka na mzigo wa Shangazi kichwani, mgongo wima, nikidhani Mama bado ananiangalia.