Salamu za Mongusu

Juzi sokoni, harufu ya mongusu aliyekaushwa kwa moshi ilinirudisha kwetu Bagira. Tonton, mdogo wa maman, aliniletea samaki huyo akiwa hai kutoka Shabunda, nikamtia katika akwariamu pamoja na samaki wangu wanne wekundu. Kila mara alipanda juu, akafungua kinywa, kap, nami nikamwitikia, “Jambo.” Sasa najua alikuwa anavuta hewa tu.

Alasiri moja nilitoka shuleni nikamkuta yuko peke yake, tumbo limejaa.

“Amewakula,” Tonton alisema akicheka. “Nilijua tangu mwanzo, mutoto, lakini ulikuwa na furaha sana.”

Mongusu akapanda, akafungua kinywa. Sikumwitikia. Tonton aliponiaga, yeye pia sikumwitikia.