Nilinunua wavu kwa kuamini karatasi yake

Asifiwe Mungu aliyetuvusha msimu mwingine wa mvua.

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge. Mimi ni mvuvi na mzee wa kanisa. Haya yalinipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Nilipoanza kuvua, nyuzi za nyavu zilitoka kiwanda cha hapa hapa Zambia. Kikafungwa. Zikaja nyavu za Japani, na hizo ndizo zilizonilelea watoto. Nazo zikaadimika, soko likajaa za China.

Nikazikataa.

Mama Ilunga, Mkongomani anayevusha nyavu ziwani kutoka Kilwa ya Kongo, nilimtania sana: "Hizo zako ni za kuvulia vyura."

Katika mtumbwi wangu ninashirikiana na BanaMulenga, mjane mwenye watoto watano. Fish ban, yaani marufuku ya kuvua, ilipokaribia kuisha, tulichanga tupate wavu mpya mmoja. Akaniambia kwa heshima, "Tata, chagueni ninyi, mimi nawaamini."

Sokoni Mwansabombwe nikakuta furushi lenye karatasi ya jina lile lile la nyavu zangu za Kijapani. Nilifurahi kama mtoto.

Kwetu wavu mpya hulazwa majini, kisha asubuhi unavuta mafundo kwa vidole gumba kuona kama yanashika. Babu yangu alifanya hivyo, na mimi miaka yote.

Safari hii sikufanya. Jina lilinitosha.

Siku ya kufungua ziwa, mafundo yakateleza, matundu yakapanuka. Wenzetu walirudi na mabeseni, sisi na samaki wanne. BanaMulenga aliwatazama, akasema tu, "Tutakula hawa."

Afadhali angenitukana.

Mama Ilunga aliigeuza ile karatasi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Papa, ulinunua karatasi! Soma huku chini. Jina njo ya Japani, lakini kiwanda kilihamia China zamani. Kulekule banatengenezaka hizi zangu za vyura!"

Nikavaa miwani. Kweli, maandishi madogo yalisema China.

Niliuza baiskeli yangu, nikanunua wavu wake. Huo niliulaza majini, nikavuta mafundo mpaka vidole vikauma. Yakashika. Jumamosi BanaMulenga alikwenda sokoni na beseni limejaa, na kwangu akaniletea samaki wawili.

Nilichojifunza: kiwanda kinaweza kuhama na jina likabaki. Nchi moja ilinipa wavu mbovu na wavu mzuri. Mikono yangu ingenieleza mapema, kama ningeiuliza.

Ile karatasi naitunza ndani ya Biblia.

Na ninyi, ni kitu gani mlikiamini kwa jina tu? Andikeni hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma zote.

Wewe uliyefika hapa, Bwana aibariki kazi ya mikono yako.